Mikono Iliyofufua Risasi za Manza

Tarehe 14 Aprili 1915, meli iliyojifanya ya Denmark ilikimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiifukuza. Ilijiita Kronborg, lakini jina lake la kweli lilikuwa Rubens, meli ya Waingereza iliyonyakuliwa na Wajerumani Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizamisha mwenyewe kwenye maji ya kina kifupi na kuwasha moto juu ya sitaha. Waingereza waliimiminia mizinga, wakaona inavyowaka, wakaondoka wakiamini shehena imeteketea.

Ujasiri wa Christiansen umesimuliwa sana. Kazi iliyofuata, iliyofanywa Moshi na askari na wapagazi Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa, huachiwa mistari miwili mitatu tu. Kwangu mimi, bila kazi hiyo ujasiri wa nahodha ungeishia chini ya maji.

Mwezi wa Januari mwaka huohuo, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limepigana na Waingereza huko Jasini, karibu na mpaka wa Kenya ya leo. Lilishinda, lakini lilitumia risasi zipatazo 200,000. Kamanda akapiga hesabu, akaona kwa akiba iliyobaki hataweza kupigana zaidi ya mapambano matatu ya namna ile. Koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa baharini. Bunduki za Mauser na mamilioni ya risasi zilizokuwa kwenye tumbo la Rubens ndizo zilizokuwa tumaini lake.

Wapiga mbizi walizitoa, wapagazi wakazibeba. Sehemu kubwa ya shehena iliokolewa. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha kupenya, na kadiri siku zilivyopita ndivyo risasi nyingi zaidi zilivyogoma kulipuka. Ikabidi shehena nzima ifunguliwe, risasi moja baada ya nyingine.

Kazi hiyo ilifanyika Moshi Mpya, mji ulioota penye stesheni ya reli iliyotoka Tanga. Kwa miezi kadhaa, kila askari na kila mpagazi aliyeweza kupatikana aliwekwa kazini tangu asubuhi hadi jioni. Kichwa cha risasi kinang'olewa, baruti inamwagwa na kusafishwa, fataki iliyooza, ile inayowasha baruti, inatolewa kitakoni mwa ganda na mpya kuwekwa, baruti inarudishwa, kichwa kinakazwa tena. Fataki mpya zilikuwemo nchini, ila hazikuwa za muundo uleule.

Kung'oa fataki ndiko kugumu. Maganda ya Kijerumani yalifuata mtindo wa Hiram Berdan, Mmarekani aliyeuvumbua katika miaka ya 1860: kitako cha ganda kina vitundu viwili vidogo pembeni badala ya kimoja kikubwa katikati. Huwezi kupitisha sindano kwa ndani ukaisukuma fataki nje. Lazima uichokoe kwa nje, na fataki iliyo hai hulipuka ikigongwa vibaya.

Kilichosaidia ni baruti yenyewe. Hii ilikuwa baruti isiyo na moshi, ambayo haiyeyuki majini. Ukiikausha vizuri inawaka tena. Askari wengi walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Baruti hiyo ina shura, na shura huyeyuka kama chumvi. Kama meli ingebeba risasi za aina hiyo, maji yaliyopenya humo yangeacha tope jeusi lisilofaa kitu.

Ganda nalo ni shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Chumvi huiotesha kutu ya kijani, na kutu hiyo si suala la sura tu. Ganda chafu hukwama katika mtutu. Ganda lililolika hupasuka na kuvujisha gesi ya moto kuelekea usoni mwa mpigaji. Wanaojaza risasi upya siku hizi, Marekani na Ulaya, huosha maganda kwa maji yenye asidi ya ndimu kabla ya kuyang'arisha, asidi ileile inayosugua sinia za shaba katika nyumba za pwani. Amonia wao huiepuka. Mwaka 1921 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba ndiyo iliyokuwa ikiyapasua maganda ya jeshi lao huko India.

Risasi za Moshi hazikurudi kuwa mpya. Zile nzima chache ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake. Zilizojazwa upya zikajaribiwa: fungu ambalo kiasi cha asilimia 20 ziligoma lilipelekwa vitani, na mafungu yaliyozidi hapo yakabaki ya mazoezi. Mauser hubeba risasi tano. Kwa wastani, basi, askari aliyejaza bunduki yake alijua moja kati ya hizo tano huenda ikanyamaza, naye alazimike kuvuta komeo na kuitupa huku adui akimlenga.

Kwa risasi hizo vita viliendelea. Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jan Smuts liliingia Moshi, na mwezi huohuo meli nyingine ya Wajerumani, Marie, ikafika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, na shehena yake ikashushwa bila kuzama. Novemba 1917, baada ya kuvuka Ruvuma, kikosi cha Lettow-Vorbeck kiliwashinda Wareno huko Ngomano. Kilichukua bunduki zao na risasi zao kavu, na askari wengi wakaziacha silaha walizotoka nazo Tanzania ya leo.