Maadili ya wauguzi: kutoka kiapo hadi kauli ya mama

Katika Kituo cha Afya cha Riruta, wanakotibiwa wakazi wengi wa Kawangware, Nairobi, mama mjamzito hupimwa uzito na presha, na matokeo huandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki. Kitabu hicho hakina mahali pa kuandika jinsi sista alivyompokea.

Wauguzi wenyewe walianza zamani kutafuta namna ya kueleza wema wa kazi yao. Mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, kamati ya Lystra Gretter ilitunga kiapo kilichopewa jina la Florence Nightingale. Mwaka 1953 Baraza la Kimataifa la Wauguzi likapitisha kanuni za maadili. Baraza hilo liliongozwa na Mkenya, Eunice Muringo Kiereini, kuanzia 1981 hadi 1985, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Nchini, Baraza la Wauguzi la Kenya lilipata nguvu kwa sheria ya 1983.

Kanuni zilipatikana, kipimo kikabaki kitendawili. Mwaka 2000, Wamarekani Darlene Weis na Mary Jane Schank walichapisha dodoso linalomtaka muuguzi aseme kila thamani ya uuguzi ina uzito gani kwake. Lakini ni nani atakayeandika kwamba hajali faragha ya mgonjwa? Na anayeijali kwa dhati ataitunzaje katika wodi isiyo na mapazia?

Kenya ikaligeuza swali, ikamuuliza aliyehudumiwa. Mwaka 2007 shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, na wenzao wa Marekani walitoa ripoti ya malalamiko ya wanawake waliojifungulia hospitalini. Kisha mradi wa Heshima ukawahoji wanawake 641 katika vituo 13 vya afya: Ulitukanwa? Ulipigwa? Uliachwa peke yako? Ulizuiliwa kwa sababu ya deni? Mmoja kati ya watano alikuwa amefanyiwa angalau tendo moja la kumdhalilisha. Baada ya mafunzo, mazungumzo na jamii na ushauri nasaha kwa wahudumu wenyewe, kiwango kilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13.

Basi maadili yanapimika, mradi aulizwe anayeyaonja. Kaunti ya Nairobi iwaulize akina mama wa Kawangware maswali hayo kila mwaka, ibandike majibu ukutani, na kando yake iandike idadi ya wauguzi waliokuwa kwenye zamu. Anayedai utu kutoka kwa sista aliyelemewa na kazi anawiwa naye utu pia.