Mistari Miwili Isiyo na Mwenyewe

Chukua mstari wowote wa msimbo wa kerneli ya Linux, kisha iulize Git ni nani aliyeuandika. Amri yenyewe inaitwa blame, yaani lawama. Nadhani jina hilo lilitoka kwa watu waliokuwa wamekwisha kulaumiana vya kutosha. Utapewa jina, tarehe na namba ya badiliko. Lakini ukigusa mistari iliyozeeka kweli, majibu yanaanza kufanana: Linus Torvalds, 16 Aprili 2005. Maelfu kwa maelfu ya mistari, mtu mmoja, siku moja.

Torvalds hakuyaandika yote hayo, wala hakudai hivyo. Linux ilianza mwaka 1991, na kufikia 2005 ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi. Tangu 2002 alikuwa akiitunza kwa BitKeeper, programu ya kampuni ya BitMover, iliyotolewa bure kwa masharti. Aprili 2005 ruhusa hiyo ya bure ikafika mwisho kwa ugomvi, naye akaanza kuandika Git. Siku ya kuhamia humo aliamua kuiacha nyuma historia ya zamani. Ilikuwepo, ila ingefikia gigabaiti 3.2, mzigo mkubwa kwa chombo kilichokuwa na umri wa siku chache tu. Alihama nyumba, picha za ukoo akaziacha kwa jirani.

Picha hazikuungua. Thomas Gleixner baadaye aliikusanya historia ya enzi za BitKeeper katika hazina yake ya pekee. Ila lazima kwanza ujue kwamba hazina hiyo ipo. Git haitakunong'oneza kwamba jina inalokupa ni la mbeba mizigo, si la mwandishi.

Nyuma ya ukuta huo wa 2005 kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. BitKeeper haikuwa programu huria, na baadhi ya watengenezaji walikataa kuigusa. Kwa ajili yao BitMover ilitoa nakala ya msimbo katika mfumo mwingine wa zamani, CVS. Kila badiliko lililoingia kwenye nakala lilibeba alama ya kuonyesha lilikotoka katika BitKeeper. Tarehe 5 Novemba 2003, Larry McVoy wa BitMover alitangaza kwamba badiliko moja halikuwa na alama hiyo. Lilikuwa mtoto asiye na mzazi. Mtu alikuwa ameingia kwenye seva na kulipachika moja kwa moja.

Lilikuwa na mistari miwili tu, ndani ya kazi iitwayo wait4. Kwa kuipitia haraka, ungedhani inakagua kama machaguo fulani mawili yametumiwa pamoja na kama namba ya mtumiaji ni 0, kisha inarudisha kosa. Katika lugha ya C, alama mbili za usawa maana yake ni linganisha. Hapa iliwekwa moja, na moja maana yake ni weka. Kwa hiyo msimbo haukuuliza kama wewe ni namba 0. Ulikufanya uwe namba 0, na kwenye Linux huyo ndiye mwenye mamlaka yote juu ya mashine. Na kwa kuwa jibu la kuweka 0 huhesabiwa kuwa si kweli, hata lile kosa halikurudishwa. Mtumiaji yeyote wa kawaida aliyejua machaguo hayo mawili angekuwa mfalme kimyakimya.

Herufi moja. Ingekuwa mimi ndiye niliyepewa mistari hiyo kuikagua, ningeipitisha.

Kilichoiumbua kwanza ni ile alama iliyokosekana. Uovu wenyewe ulionekana baada ya watu kuutolea macho msimbo. Mistari ikafutwa kabla ya kuingia kwenye Linux halisi.

Git ina njia nyingine ya kutafuta, amri ya log pamoja na -S, ambayo hukuonyesha neno fulani liliingia lini na likatoka lini. Itafute mistari hiyo miwili kwa njia hiyo, katika hazina ya leo au katika ile ya Gleixner. Huipati. Ilikaa kwenye nakala tu, haikuingia katika ukoo, na leo inasomeka katika barua pepe za wiki ile ya Novemba. Aliyeiandika hajajulikana.