SAT au ACT? Historia Fupi ya Mitihani Sanifu ya Marekani

Kila mwaka wahitimu wa kidato cha sita wanaotaka kusoma Marekani hutujia na swali moja: wafanye mtihani upi, SAT au ACT? Swali hili lina historia inayotuhusu sisi walimu wa lugha.

SAT ulifanywa mara ya kwanza Juni 1926 na watahiniwa wapatao 8,000. Aliyeongoza utungaji wake ni Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 1923, akitumia matokeo ya majaribio waliyopewa askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Brigham alidai kitabuni kwamba watu weusi na wahamiaji wa kusini na mashariki mwa Ulaya wana akili duni. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo. Alikubali kwamba mtihani wa lugha fulani haufai kulinganisha watu wasiokuwa na nafasi sawa ya kujifunza lugha hiyo.

Mwaka huohuo wa 1930, huku kwetu, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kusanifisha Kiswahili. Kwa kuwa msingi ulikuwa Kiunguja, mtoto wa Mombasa au Lamu naye alipimwa shuleni kwa lahaja isiyo ya nyumbani kwao.

ACT ulikuja Novemba 1959, ukiasisiwa na E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa. Yeye alitaka kupima yale mwanafunzi aliyojifunza shuleni, si kipaji cha kuzaliwa. Tangu hapo mitihani hii miwili imezidi kufanana.

Leo vyuo vinavyodai alama hupokea wowote kati ya hiyo miwili. Vingine havidai kabisa. SAT, ambao sasa hufanywa kwa kompyuta, una sehemu ya kusoma na kuandika na ile ya hisabati, na alama zake ni 400 hadi 1600. ACT hutolewa alama 1 hadi 36, na tangu 2025 sehemu ya sayansi ni ya hiari.

Ushauri wetu: mwanafunzi afanye jaribio moja la kila mtihani kwa saa iliyopangwa, kisha alinganishe. Anayesoma Kiingereza polepole aangalie hasa muda, kwani SAT hutoa muda zaidi kwa kila swali. Nasi walimu, alama zikiwa ndogo, tujiulize kwanza ni lugha iliyopimwa au ni akili.