Tarehe ya Goma, mji wa mawe meusi

Mgeni anayefika Goma huuliza kwanza kwa nini kuta, nyua na hata vumbi vyote ni vyeusi. Mwenyeji humwonyesha upande wa kaskazini. Jiwe la ukuta wake lilishuka kutoka mlima wa volkeno wa Nyiragongo likitiririka kama uji wa moto.

Zamani hapa palikuwa kijiji tu katika nchi ya Bukumu, ukingoni mwa Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita, akapanda mlima huo. Wajerumani wakakaa Gisenyi, upande wa Rwanda, Wabelgiji wakajiwekea kituo Goma, na mpaka waliopatana mwaka 1910 ukawagawa majirani. Ila majirani hawakuacha kutembeleana. Kwa miaka mingi watu wa mtaa wa Birere wamekuwa wakivuka mpaka pale Petite Barrière alfajiri na mizigo kichwani, na kurudi jioni. Hilo jina Birere maana yake ni majani makavu ya migomba. Inasemekana ndiyo yaliyoezeka nyumba za kwanza za mtaa huo.

Tarehe ya mji huu huhesabiwa kwa moto. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa kileleni lilikauka kwa muda usiofika saa nzima, na vijiji vya mteremkoni vikaungua pamoja na watu wao.

Kisha ukaja Julai 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka ndani ya siku chache, kipindupindu kikawaingilia, makumi ya maelfu wakafa. Mwamba wa lava hauchimbiki kwa jembe. Vyoo vilishindikana, makaburi yakashindikana, na maiti wakalazwa kando ya njia wakiwa wamefungwa mikekani. Kila nikikanyaga mwamba ule natamani wangepewa angalau udongo laini wa kulalia.

Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka mteremkoni. Lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani kwa mvuke mkubwa. Watu kama 120,000 walibaki bila makao. Lakini siku chache baadaye walikuwa wamerudi, mwamba ukiwa bado na joto chini ya viatu. Msingi haukuchimbika, basi wakasimamisha nyumba za mbao juu ya lava yenyewe. Kwa wengine, mlango wa zamani uko chini ya barabara ya sasa.

Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena usiku, ukakoma Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tetemeko baada ya tetemeko likatupeleka Sake na Gisenyi. Januari 2025 mji uliingiwa na waasi wa M23. Hilo bado ni kidonda, si historia.

Katika mzunguko wa barabara imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu: mtu na chukudu chake, ile baiskeli ya mbao inayoshusha makaa na viazi kutoka Kibumba. Naipenda, maana ni mnara wa mchukuzi, si wa mkubwa. Mnara mwingine hauna sanamu. Ni akina mama waliokaa kando ya njia, nyundo mkononi, wakivunja lava ya 2002 kuwa kokoto, wakiipanga mafungu mafungu kwa yeyote anayejenga.