Léopold Senghor na Masomo ya Kifaransa: Athari Zake kwa Lugha za Senegali

Ajifunzaye lugha ya kigeni katika chuo kikuu hapokei msamiati na kanuni za sarufi peke yake. Pamoja na hayo hupokea mawazo fulani kuhusu lugha kwa jumla: usahihi wake huamuliwa na nani, na ni lugha ipi inayostahili kubeba elimu ya juu. Mawazo hayo aghalabu hayaandikwi katika mtalaa, walakini ndiyo yadumuyo zaidi. Makala haya yanalichunguza jambo hilo kwa kufuata historia ya mwanafunzi mmoja, Léopold Sédar Senghor, aliyekwenda Paris mwaka 1928, akahitimu sarufi ya Kifaransa mwaka 1935, akawafundisha Wafaransa lugha yao wenyewe, kisha akawa rais wa Senegali tangu 1960 hadi 1980. Senghor anajulikana mno kama mshairi na kama mmoja wa waasisi wa falsafa ya Negritude. Hapa anatazamwa kama mwanasarufi. Hoja ni kwamba masomo yake yalimpa vitu viwili katika mzigo mmoja: zana za kuchunguzia lugha, na mazoea ya kuzipanga lugha kwa daraja na kuzilinda kwa amri. Zana zilimrudisha kwenye lugha za kwao. Mazoea yalichangia kuziacha lugha hizo nje ya mlango wa darasa.

Kutoka Joal hadi Paris

Senghor alizaliwa mwaka 1906 huko Joal, mji wa pwani ulio kusini ya Dakar, katika jamii ya Waserer. Kifaransa alikianza utotoni kwa wamisionari, na huko Ngasobil alilelewa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alipomaliza masomo ya sekondari mjini Dakar alipata msaada wa kwenda Ufaransa. Hakukaa sana Sorbonne mara ya kwanza; alihamia Louis-le-Grand, shule mashuhuri iliyowaandaa vijana kwa mitihani mikubwa ya ushindani. Humo alisoma pamoja na Georges Pompidou, aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa mwaka 1969, na humo pia alikutana na Aimé Césaire, kijana kutoka Martinique aliyefika mwaka 1931. Mwaka huo Senghor alipata shahada ya kwanza, na uliofuata akaandika tasnifu kuhusu mvuto wa nchi za mbali katika ushairi wa Baudelaire. Si jambo dogo kwamba kijana kutoka moja ya nchi hizo za mbali ndiye aliyekaa kupima jinsi mshairi wa Kifaransa alivyozitazama.

Shabaha yake ilikuwa agrégation, yaani mtihani wa ushindani unaowateua walimu wa daraja la juu. Tawi alilolichagua ni la sarufi, ambamo mtahiniwa hupimwa katika Kifaransa, Kilatini na Kigiriki kwa pamoja. Lakini mtihani huo haukuwa wazi kwa asiye raia wa Ufaransa. Wenyeji wa miji minne ya Senegali, yaani Saint-Louis, Gorée, Rufisque na Dakar, walihesabiwa kuwa raia. Mzaliwa wa Joal alikuwa mtawaliwa tu. Ilimbidi kwanza aombe uraia ndipo aruhusiwe kupimwa katika sarufi. Mwaka 1933 alishindwa. Mwaka 1935 alifaulu, akawa Mwafrika wa kwanza kuhitimu kwa njia hiyo. Alipelekwa kufundisha katika shule ya Descartes mjini Tours.

Elimu hiyo ya sarufi ilikuwa na historia ndani yake. Anayesoma Kifaransa sambamba na Kilatini hana budi kuona kwamba Kifaransa chenyewe kilianza kama lugha ya watu wa kawaida, isiyopewa nafasi kanisani wala chuoni. Amri ya mfalme iliyotolewa Villers-Cotterêts mwaka 1539 ndiyo iliyokipa Kifaransa nafasi ya Kilatini katika hati za mahakama. Mwaka 1549 Joachim du Bellay alilazimika kuandika kitabu kizima cha kukitetea dhidi ya wasomi waliokiona duni. Chuo Kikuu cha Paris hakikukubali upesi: hata mwaka 1889 mwanafalsafa Henri Bergson, alipotahiniwa udaktari, alitoa tasnifu moja kwa Kifaransa na ya pili kwa Kilatini, kwa kuwa ndivyo kanuni ilivyotaka. Hivyo ndani ya masomo yenyewe ya Kifaransa mlikuwa na ushahidi kwamba lugha haizaliwi na hadhi ya kitaaluma, bali hupewa hadhi hiyo na watu walioamua kuitumia.

Sarufi iliyomrudisha kwao

Senghor hakuishia kwenye lugha za Ulaya. Alihudhuria mihadhara ya Lilias Homburger kuhusu lugha za Kiafrika, na masomo ya Taasisi ya Ethnolojia ya Paris, walikofundisha Marcel Mauss na Paul Rivet. Taasisi hiyo ndiyo iliyochapisha, kuanzia mwaka 1939, kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya padri Charles Sacleux, kazi ambayo mpaka leo mchunguzi wa lahaja za Kiswahili hawezi kuipuuza. Ni dhahiri basi kwamba katika Paris ya miaka hiyo mlikuwa na mahali ambapo lugha za Afrika zilichunguzwa kwa kanuni zile zile zilizotumika kwa Kigiriki na Kilatini.

Mwaka 1937 Senghor alirudi Dakar kutoa hotuba juu ya elimu katika Afrika Magharibi ya Kifaransa. Hadhira ilikuja kumwona kijana aliyewashinda Wafaransa katika sarufi yao. Badala ya kuwahimiza wenzake waige njia yake, alitetea shule ya lugha mbili, ya Kiafrika na ya Kifaransa. Baada ya kutumikia vita na kushikwa mateka na Wajerumani tangu 1940 hadi 1942, alichapisha uchunguzi wa ngeli za Kiwolofu mwaka 1943, na wa upatanifu wa irabu katika Kiserer mwaka 1944.

Msomaji aliyezoea lugha za Kibantu atatambua mara moja kilichomvuta. Katika Kiswahili alama ya ngeli hutangulia nomino na kuonekana tena katika vivumishi na vitenzi. Katika Kiwolofu nomino yenyewe kwa kawaida haina kiambishi cha namna hiyo. Ngeli hudhihirika katika kijineno kinachoifuata. Mtu huyo ni nit ki, watu hao ni nit ñi. Kondoo huyo ni xar mi, kondoo hao ni xar yi. Konsonanti ya kijineno ndiyo itambulishayo ngeli na idadi. Katika Kiserer mambo huongezeka, kwa kuwa konsonanti ya mwanzo ya nomino inaweza kubadilika kati ya umoja na wingi. Hakuna chochote katika sarufi ya Kifaransa kifananacho na mpango huo. Kilichomwezesha Senghor kuueleza ni mazoezi ya kuchambua maumbo, aliyoyapata kwa kusoma sarufi za watu wengine.

Mwaka 1944 alipewa kiti cha kufundisha lugha na ustaarabu wa Kiafrika katika chuo kilichowaandaa maofisa wa utawala wa makoloni. Elimu ya lugha za Waafrika ikawa inatolewa na Mwafrika, mjini Paris, kwa vijana waliojiandaa kuwatawala Waafrika. Watoto waliozisema lugha hizo walifunzwa kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza ya shule.

Daraja za lugha

Senegali ilipopata uhuru mwaka 1960 ilitazamiwa kwamba mtetezi wa shule ya lugha mbili angeianzisha. Hakufanya hivyo. Kifaransa kilibaki lugha rasmi na lugha ya kufundishia. Sababu zake Senghor alizieleza katika makala aliyoyatoa katika jarida Esprit mwaka 1962, akikisifu Kifaransa kama lugha ya utamaduni. Alidai kwamba Kifaransa kina utajiri wa maneno ya fikra dhahania, na kwamba sintaksia yake hutegemeza wazo moja juu ya jingine, ilhali lugha za Waafrika hupanga mawazo bega kwa bega.

Dai hilo la pili halisimami mbele ya ushahidi. Kiswahili, kwa mfano, huingiza utegemezi ndani ya kitenzi chenyewe. Katika sentensi kama ‘angalikuja ningalimwambia’, sharti, wakati na kutotimia kwa jambo vyote vimefungwa katika maneno mawili. Katika ‘alipowaona waliomtuma’, vishazi viwili tegemezi vimebebwa na viambishi tu. Msomi aliyechambua ngeli za Kiwolofu kwa makini hakukosa uwezo wa kuyaona mambo ya namna hii. Yamkini hapa aliyesema si mchunguzi wa lugha, bali mwanafunzi wa shule iliyokwisha kuamua ni lugha ipi iliyo kipimo cha nyingine zote.

Mpango huo ulionekana pia chuoni. Chuo Kikuu cha Dakar kilianzishwa mwaka 1957 kama chuo cha Kifaransa, na baada ya uhuru kiliendelea kufuata kwa karibu mitalaa ya Ufaransa. Kituo cha Isimu Matumizi kilichoundwa huko miaka ya mwanzo ya uhuru kilifanya kazi nzuri ya kulinganisha Kiwolofu na Kifaransa. Lakini tunda lake mashuhuri lilikuwa mtaala wa kuwafundisha watoto wa shule za msingi kusema Kifaransa. Kiwolofu kilichunguzwa ili kijulikane mahali kinapomkwaza mtoto anayejifunza lugha nyingine. Mwezi Mei 1968 wanafunzi wa Dakar waligoma, na ufuasi huo wa chuo kwa Ufaransa ukawa miongoni mwa mambo waliyoyapinga.

Njia nyingine ilikuwapo. Cheikh Anta Diop, Msenegali aliyesoma Paris kama Senghor, alichapisha Nations nègres et culture mwaka 1954. Humo alitafsiri kwa Kiwolofu maelezo ya nadharia ya uhusianifu ya Einstein na sehemu ya tamthilia ya Corneille. Hakungoja kuthibitishiwa kwamba Kiwolofu kinaweza, alikitumia.

Herufi na sheria

Haifai kusema kwamba Senghor alizisahau lugha za nchi yake. Amri za serikali za mwaka 1968 na 1971 ziliweka alfabeti na tahajia za lugha sita: Kiwolofu, Kipulaar, Kiserer, Kidiola, Kimandinka na Kisoninke. Amri ya mwaka 1975 ilipanga mgawanyo wa maneno katika maandishi ya Kiwolofu, na mwaka 1977 ilipitishwa sheria ya kuhakikisha kwamba kanuni hizo zinafuatwa. Rais mwenyewe alishiriki katika mijadala hiyo kwa ari ya mtaalamu.

Ugomvi maarufu uliotokea ulihusu konsonanti moja. Filamu ya Sembène Ousmane ya mwaka 1977 iliitwa Ceddo. Serikali ilishikilia kwamba tahajia halali ni yenye d moja; Sembène akakataa kuibadili, na filamu ikapigwa marufuku nchini mpaka baada ya Senghor kuondoka madarakani. Wako waliosema kwamba herufi ilikuwa kisingizio tu, kwa kuwa filamu yaonyesha watu wa desturi za kale wakipinga kusilimishwa kwa nguvu. Hata hivyo gazeti la chama cha Cheikh Anta Diop, Siggi, nalo lilipata msukosuko wa namna hiyo kwa ajili ya g mbili, likabadilishwa jina.

Swali la kiisimu halikuwa la mzaha. Katika Kiwolofu urefu wa konsonanti hutofautisha maana: gëm ni kuamini, gëmm ni kufumba macho. Inafaa kabisa wataalamu wabishane ni neno gani lina konsonanti ndefu. Tatizo ni kwamba hoja ya wataalamu ilikabidhiwa polisi na mahakama, katika lugha ambayo watoto walikuwa bado hawafundishwi kuiandika shuleni. Mazoea ya kale ya Ufaransa, ambako dola iliunda Akademia mwaka 1635 ili ilinde lugha, yalihamishiwa kwenye Kiwolofu. Heshima ambayo dola hiyo iliipa lugha yake shuleni haikuhamishwa pamoja nayo. Wasemaji wa Kiswahili wana kumbukumbu yao ya jambo linalokaribiana na hili, kwani kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha lugha ilifanya kazi chini ya serikali za kikoloni, na malalamiko ya washairi na wataalamu wa Mombasa yalidumu kwa miongo mingi.

Nairobi, 1968

Mwaka ule ule wa 1968, tarehe 24 Oktoba, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe, na Afrika iwekwe katikati ya masomo. Aghalabu husahaulika kwamba waraka huo ulipendekeza pia Kifaransa kiwe lazima, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sababu yake ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya fasihi andishi ya Waafrika wakati ule ilikuwa kwa Kifaransa. Kifaransa kilitakiwa kama njia ya kufika Dakar na Yaoundé, si kama cheti cha ustaarabu.

Senghor alichaguliwa kuingia Akademia ya Ufaransa mwaka 1983, akapokewa rasmi mwaka 1984, Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Alifariki huko Normandy mwaka 2001. Wapo wanaomhukumu kama aliyeisaliti lugha yake, na wapo wanaomsifu bila kikomo. Makala yake kuhusu Kiwolofu na Kiserer yanawapinga wa kwanza. Shule za Senegali za enzi yake zinawapinga wa pili. Kwa idara za lugha za Kiafrika, ambazo walimu wao wengi walihitimu kwa lugha za kigeni, funzo la historia hii si kuzikimbia lugha hizo. Ni kutenganisha kile ambacho Senghor hakukitenganisha: kuchukua ufundi wa kuchambua na kulinganisha, na kuacha imani kwamba lugha moja ndiyo mizani ya nyingine. Kipimo cha mafanikio ni rahisi kukitaja: iwapo uchunguzi wa ngeli, sauti na tahajia unaofanywa katika idara hizo unamfikia mtoto anayesoma kwa lugha hiyo, au unaishia katika majarida yasomwayo na walimu wenzao.