Dawa za Muda Mfupi za Kutuliza Wasiwasi katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Dawa za muda mfupi za kutuliza wasiwasi hutolewa kwa siku chache, au wiki chache zikizidi sana, ili kupunguza hofu kali, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Nchini Tanzania inayojulikana zaidi ni diazepamu, ambayo wengi bado huiita Valium, jina ambalo kampuni ya Roche iliiingiza nalo sokoni mwaka 1963. Ni ya kundi la benzodiazepini. Ikimezwa huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi, kwa kuipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza mishipa ya fahamu. Aliyepata nafuu upesi namna hiyo ana kila sababu ya kutaka kidonge kingine kesho, na hapo ndipo shida huanzia. Katika kuzuia degedege dawa hii imeokoa watoto wengi na haina ubishi. Ubishi uko kwenye kuimeza kwa sababu ya wasiwasi.

Shinyanga na Geita zina sababu zake za kulijadili suala hili. Hapa ipo migodi mikubwa, kama Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu. Kuizunguka wapo maelfu ya wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, yaliyoshikiliwa na matimba ya miti. Kifusi hakipigi hodi. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Mtu aliyenusurika hivyo akishtuka usiku, akitetemeka na kuogopa giza, ndugu zake humtafutia kidonge cha usingizi. Nia yao ni njema, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema benzodiazepini zisitolewe kwa mtu mzima katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha ili kuzima dalili za mshtuko au kumpa usingizi. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba zinamkinga na madhara ya baadaye, na ipo hofu kwamba huchelewesha kupona. Mwongozo huohuo unakataza kuwapa wafiwa wasio na ugonjwa wa akili. Anayelia msibani anahitaji watu wa kukaa naye.

Jambo linalostahili uzito kuliko yote katika ukanda huu ni zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu, kisha huchoma donge lile mpaka zebaki iondoke kama mvuke. Anayeuvuta mvuke huo kwa muda mrefu huanza kutetemeka vidole, kukosa usingizi, kukasirika upesi, kusahau, kuona haya mbele za watu na kuwa na wasiwasi usioeleweka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda ulichunguza afya za watu wa Rwamagasa, mkoani Geita, ukakuta dalili za sumu hiyo, hasa kwa wanaochoma dhahabu. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa diazepamu, mtetemo hupungua na usingizi hurudi, naye hurejea kuchoma dhahabu akiamini amepona. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna kosa baya zaidi ya hili katika tiba ya wasiwasi huku migodini, kwa kuwa dawa imeificha dalili iliyokuwa inamwonya. Kumuuliza mgonjwa kazi yake, mahali dhahabu inapochomewa, na kama watoto hulala karibu na hapo, hakugharimu chochote. Kipimo cha mkojo huweza kuthibitisha, na hatua ya kwanza ya tiba ni kumtenga na mvuke. Serikali nayo inalitambua tatizo hili: Tanzania iliridhia Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Pombe nayo hupotosha uchunguzi. Mnywaji mkubwa wa gongo akiacha ghafla, siku ya pili au ya tatu hutetemeka, hutoka jasho, hujawa na hofu, na anaweza kupata kifafa. Huyo diazepamu inamfaa kweli, akiwa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Ila ikimezwa pamoja na pombe, viwili hivyo husaidiana kudhoofisha upumuaji, na mtu anaweza kufa usingizini. Rovu, upungufu wa damu na baadhi ya dawa za pumu pia huenda pamoja na moyo kwenda mbio, kwa hiyo vichunguzwe kabla ya kuamua kwamba tatizo ni wasiwasi.

Ipo pia hofu yenye haki ya kuwepo. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi kuanzia mwaka 2007, na mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, yaliigusa mikoa hii kwa uchungu mkubwa. Kumpa kidonge bibi anayetishiwa ni kumlaza usingizi mzito wakati anahitaji kuwa macho. Kwa umri wake dawa hizi pia humwongezea hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Anachostahili kupata ni ulinzi wa serikali ya kijiji, polisi na majirani.

Upande wa kazi, diazepamu hukaa mwilini kwa muda mrefu: nusu yake huchukua saa 20 hadi 50 kuondoka, na mabaki yake hukaa zaidi. Kidonge cha usiku humfuata mtu asubuhi anaposhuka kwenye duara, anapolisha mawe kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) au anapoendesha bodaboda.

Basi itumike lini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauzipendekezi benzodiazepini kwa ugonjwa wa wasiwasi wa kudumu wala kwa ule wa hofu ya ghafla. Unaziruhusu katika dharura ya wasiwasi mkali tu, kwa siku 3 hadi 7. Kipimo hicho ni cha haki, mradi siku ya mwisho iandikwe siku ileile dawa inapoanza. Tiba ya muda mrefu ni nyingine: fluoksetini, dawa ya sonona inayohitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na mazungumzo yenye utaratibu. Mpango wa vikao vitano unaoendeshwa na wahudumu wa jamii waliofunzwa ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu. Zahanati ya Nyarugusu huko Geita au ya Kahama vijijini ingeweza kuwa na huduma kama hiyo bila kusubiri daktari bingwa. Kwa wanaohitaji bingwa, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ina idara ya magonjwa ya akili, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea watu wa Geita foleni ya kivuko.

Aliyekwisha kuitumia diazepamu kila siku kwa wiki nyingi asiiache kwa siku moja, kwa sababu hofu inaweza kurudi kwa nguvu zaidi na kifafa kikatokea. Aende kituo cha afya na pakiti yake mkononi, aseme ukweli kuhusu pombe na zebaki, na aombe ratiba ya kuipunguza kidogo kidogo.