Gesi ya Afungi mbele ya majaji wa London

Afungi ni rasi ya minazi na mikoko katika ghuba ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mdomo wa Mto Ruvuma. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani iligundua gesi asilia chini ya bahari iliyo mbele yake. Miaka kumi baadaye gesi hiyo ilizua kesi, na kesi yenyewe haikusikilizwa Pemba wala Maputo, bali London.

Juni 2020 serikali ya Uingereza, kupitia UK Export Finance, shirika lake la kudhamini mauzo ya nje, iliidhinisha hadi dola bilioni 1.15 kwa mradi wa gesi hiyo, ambao Total ya Ufaransa ilikuwa imeshauchukua. Watetezi wa mazingira wa Friends of the Earth wakaomba mapitio ya kimahakama. Walidai kwamba maofisa walisema mradi unaendana na Mkataba wa Paris wa tabianchi ilhali hawakupiga hesabu yote.

Gesi hupozwa hadi nyuzi 160 hivi chini ya sifuri, ikawa kimiminika, ujazo wake ukapungua mara 600, ndipo ikapakiwa melini. Kazi hiyo hutoa hewa ukaa, nayo ilihesabiwa. Lakini hewa iliyo nyingi zaidi hutoka baadaye, mnunuzi wa ng'ambo anapoichoma gesi. Hiyo maofisa hawakuikadiria kwa tarakimu. Tena palikuwa na swali gumu zaidi: je, gesi hii itayaondoa makaa ya mawe sokoni, au itaongezwa juu yake? Wataalamu wenyewe hawakuwa na jibu moja.

Majaji wawili walisoma faili hilo hilo, na tarehe 15 Machi 2022 wakatoa hukumu mbili. Jaji Thornton alisema bila makadirio hayo uamuzi hauna msingi. Jaji Stuart-Smith akasema maofisa walijua hewa hiyo ni nyingi mno, na uchunguzi uishie wapi ni juu yao kuamua. Kwa kuwa hawakukubaliana, maombi yakatupwa, mlango wa rufaa ukaachwa wazi. Tarehe 13 Januari 2023 majaji watatu wa rufaa, wakiongozwa na Sir Geoffrey Vos, wakaitupa pia: Mkataba wa Paris si sehemu ya sheria ya Uingereza, na inatosha kwamba msimamo wa maofisa unaweza kutetewa.

Mimi nasimama na Thornton. Ofisa aliyepima akakosea, jaji na amstahi, maana si mwanasayansi. Asiyepima amestahiwa kwa lipi?

Wakati hayo yakibishaniwa, mji wa Palma ulikuwa umeshashambuliwa na waasi, tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbia kwa majahazi na kwa miguu, na ujenzi ukasimama. Wanakijiji wa Quitupo, waliohamishiwa Quitunda kupisha mtambo wa gesi, hawakuwa hoja mahakamani. Mapitio ya namna hii hukagua jinsi ofisa alivyoamua. Shamba lililopotea na pwani iliyofungwa havimo.

Tarehe 1 Desemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuondoa fedha zake katika mradi huo. Hakuna jaji aliyeiamuru.